Beba Michembe, Beba Mswada: Mwongozo wa Mtu wa Lagangabilili Anayekwenda Kongamano la Vitabu vya Watoto

Mwaliko ukifika, usiukunje ukautia mfukoni. Utangaze. Mwambie mwalimu mkuu, mwambie mwenyekiti wa kijiji, mwambie mama wa maandazi pale stendi ya Lagangabilili na fundi baiskeli aliye jirani yake. Wakikuuliza unakwenda kufanya nini, sema kwa sauti: nakwenda kongamano la waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto. Usiseme "semina". Semina zimezoeleka, mtu akisikia semina anauliza posho. Sema kongamano, sema vitabu, sema watoto, na usimeze neno hata moja kati ya hayo. Atakayecheka mwalike nyumbani jioni umsomee ulichoandika. Kicheko kitakwisha ukurasa wa tatu. Kisipokwisha, ukurasa wa tatu una tatizo, na umelijua mapema kabla hujalipa nauli.

Kwa nini iwe habari ya kutangazwa? Kwa sababu Lagangabilili ina haja kubwa na safari hii. Hapa ni makao makuu ya Itilima, wilaya iliyomegwa kutoka Bariadi mwaka 2012, mwaka uleule mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa. Watoto wetu wanaamka kwa Kisukuma, wanachunga kwa Kisukuma, wanagombana kwa Kisukuma, halafu wakiingia darasani wanakikuta Kiswahili kinawasubiri ubaoni. Programu ya EQUIP-Tanzania, iliyofanya kazi Simiyu na mikoa mingine kati ya 2014 na 2020, ililiona jambo hilo ikaanzisha mafunzo ya utayari wa kuanza shule kwa watoto ambao hawakupata elimu ya awali. Mafunzo yale yalijengwa juu ya hadithi, na waliofundisha walikuwa watu wa kijijini waliojitolea. Hadithi ndiyo iliyopewa kazi ya kuwavusha watoto kutoka lugha ya nyumbani kuingia lugha ya shule. Sasa niambie, nani ataandika hadithi ya kumvusha mtoto wa Zagayu au wa Nkoma? Mwandishi wa Mikocheni anaweza kujaribu, na ajaribu, tutamshukuru. Ila yeye hajui kwamba mtoto wa miaka saba wa Itilima anaweza kukutajia ng'ombe wote wa baba yake kwa rangi, mmoja mmoja, bila kukosea. Anayejua ni wewe. Ndiyo maana lazima uwe kwenye meza ya kongamano.

Kufungasha

Mswada uchapwe kwa herufi kubwa, nafasi pana kati ya mistari, nakala tatu: moja ya mhariri, moja ya mchoraji, na moja ya kumwagikiwa chai, maana chai itamwagika. Usiutie kwenye plastiki ngumu. Mswada uliovishwa plastiki unamwambia mtu asiuguse, na wewe unataka uguswe, ukatwe, uandikwe pembeni mpaka usijulikane. Beba penseli, kichongeo, kifutio na karatasi tupu nyingi kuliko unavyodhani utahitaji. Mchoraji aliyeishiwa karatasi saa nne usiku atakukumbuka maisha yake yote ukimpa yako.

Beba na michembe. Nasema kwa moyo wote. Ukikiweka kifuko cha michembe mezani, mtu wa Mbeya atauliza hiki ni nini. Utamweleza: viazi vitamu vilivyomenywa, vikakatwa vipande vyembamba, vikaanikwa. Mchoraji wa Tanga ataingilia: vinaanikwa wapi? Utasema juu ya jabali, na watoto hukaa karibu kuwafukuza kuku. Wanawafukuza na nini? Wanakaa wangapi? Hujamaliza kujibu, mtu kashachora jabali, kuku mmoja mwenye kiburi, na msichana mwenye fimbo ndefu kuliko yeye. Kitabu kimeanza, na bado hamjafungua kikao.

Lakini mswada ambao haujapita mbele ya watoto uache nyumbani. Kabla ya safari tafuta darasa la pili, uwatoe nje chini ya mwembe, umpe mwenzako asome. Wewe kaa nyuma, uangalie miguu. Mtoto wa miaka minane anaweza kukudanganya kwa uso kwa sababu amefundishwa adabu, lakini miguu yake haijafundishwa. Msomaji akifika kwenye aya ya kueleza mandhari, vidole vitaanza kuchimba vumbi. Mmoja ataokota kijiti achore ndama. Wawili watasukumana. Tia alama pembeni mwa aya hiyo, maana hapo ndipo walipokuacha. Kisha fisi atatokea kwenye hadithi, na utaona miguu yote imetulia kwa mpigo. Hapo napo tia alama. Ukifanya hivyo kwa darasa moja la Lagangabilili, utaingia kongamanoni na ujuzi ambao hata mhariri wa miaka mingi atauonea wivu, atakusogezea kiti akuulize.

Safari yenyewe haina mengi. Toka Lagangabilili mpaka Bariadi, toka hapo ushike barabara ya Lamadi kama unakwenda Mwanza, au ya Maswa kama unakwenda Dar. Kwenye basi usimsomee jirani yako mswada, isipokuwa amempakata mtoto. Akiwa amempakata mtoto, msomee.

Mkifika, mnasalimiana

Watakupa kitambulisho cha kuning'iniza shingoni. Chini ya jina lako andika Lagangabilili, kwa ukamilifu wake, hata kama herufi za mwisho zitapanda ukingoni. Usiandike "Simiyu" kwa kuwahurumia. Waache wajifunze kulitamka. Jina zuri la mahali linafungua mazungumzo, na katika siku za kongamano wanaozungumza sana ndio wanaovuna sana.

Kisha zamu ya kujitambulisha itakufikia. Hapa kuna sharti moja lisilo na mjadala: ni marufuku kusema "mimi naandika vitabu vya watoto tu". Hiyo "tu" iache kwenye begi. Anayesema "tu" anawatukana watu wenye heshima zao. Elieshi Lema, aliyeandika riwaya ya watu wazima Parched Earth, amewaandikia watoto na akashiriki kuanzisha kampuni ya uchapishaji ya E&D. Edwin Semzaba, mwandishi wa tamthilia ya Ngoswe na mwalimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliwaandikia watoto Marimba ya Majaliwa. Richard Mabala alimpa msomaji mdogo dereva wa basi mwanamke aitwaye Hawa, wakati wasichana wengi walikuwa hawajamwona dereva wa namna hiyo kwa macho yao. Kule Kenya, Ken Walibora, ambaye riwaya zake zilifundishwa shule za sekondari, aliandika Ndoto ya Amerika kwa ajili ya vijana. Hawa hawakuwa wakipumzika kutoka kazi kubwa. Kumwandikia mtoto ni kazi kubwa, na ina masharti magumu zaidi: maneno machache, uvumilivu mdogo wa msomaji, na hakuna nafasi ya kujificha nyuma ya misamiati.

Ukikutana na watu wa Mradi wa Vitabu vya Watoto, wasalimie kwa heshima ya pekee. Mradi huu ulianzishwa mwaka 1991, kwa msaada wa shirika la CODE la Kanada, wakati mtoto wa Kitanzania alikuwa na vitabu vya kiada na pengine hakuwa na kingine chochote. Walichofanya kilikuwa na akili. Waliwakusanya waandishi, wachoraji, wahariri na wachapishaji kwenye warsha, kisha wakanunua sehemu ya nakala zilizochapishwa na kuzipeleka shuleni, ili mchapishaji asiogope hasara na kitabu kisilale stoo. Ukiona leo mchoraji na mwandishi wanakaa kikao kimoja na hakuna anayeshangaa, jua kuna watu walioanza kuvipanga viti hivyo zamani.

Kaa na wachoraji

Sasa nafika mahali ninapopapenda. Wakati wa chakula waandishi watakaa na waandishi, watazungumza habari za wachapishaji na watalalamika. Wewe chukua sahani yako uende meza ya wachoraji. Utawajua kwa vidole vyenye wino na kwa jinsi wanavyoukodolea macho mkono wako unapokata ugali. Sema shikamoo kwa wakubwa, sema mambo kwa vijana, kisha waambie hadithi.

Waambie ile ya Masala Kulangwa. Kila mtoto wa Usukuma aliyepata bibi mzuri anaijua: zimwi Shing'weng'we lililomeza watu wote na mifugo yote, akabaki mwanamke mmoja mjamzito aliyejificha kwenye pumba. Anajifungua mtoto wa kiume. Mtoto anakua, anauliza wako wapi watu wengine, anaambiwa. Basi anaanza kuwinda. Anaua panzi, anamletea mama: ndiye huyu? Mama anasema siye. Anaua ndege: ndiye huyu? Siye. Anaua mnyama mkubwa zaidi, na jibu ni lilelile, mpaka siku anapokutana na lenyewe.

Mchoraji mzuri hatakusifu. Atanyamaza, atatafuna, kisha atauliza: hilo zimwi lina mdomo wa namna gani? Na hapo ndipo utakapojua kwamba umelisimulia maisha yako yote na hujawahi kuliona. Utaanza kubuni: meno, magamba, macho mekundu. Mwenzako wa pili atasema hapana, tusilionyeshe. Tuonyeshe mkia ukurasa wa nne, ukipotelea nyuma ya mbuyu. Tuonyeshe kivuli ukurasa wa nane, kimefunika zizi zima. Mtoto afungue ukurasa kwa hofu, akute bado. Ukurasa wa kumi na mbili ndipo lijae kurasa mbili, toka ukingo mpaka ukingo, hata maneno yakose pa kukaa.

Ukisikia hivyo, chukua penseli yako ufute. Ile aya yako nzuri ya kulieleza zimwi, uliyoiandika usiku mzima, haina kazi tena, kwa sababu mchoraji ameibeba. Ifute mbele ya watu, kwa furaha. Kama vile mkulima wa pamba anavyopunguzia miche akaacha miwili kila shimo, ingawa ile anayoing'oa nayo ina afya, ndivyo utakavyoacha sentensi mbili kila ukurasa. Raha ya kongamano ni hii hasa, na sijaiona mahali pengine: kumwona mtu mwingine anakitengeneza kitu chako kiwe bora kuliko ulivyoweza peke yako, naye akafurahi kuliko wewe. Nyumbani, mbele ya daftari, haipatikani. Barua pepe haiileti. Inataka meza, watu wawili au watatu, na chakula kinachopoa.

Mtabishana pia. Katika hadithi hiyo, Masala Kulangwa anapolipasua tumbo la zimwi ili watu watoke, kisu kinamkata kikongwe mmoja sikio, na kikongwe anakasirika badala ya kushukuru. Mtu atasema sikio litolewe, watoto wataogopa. Mimi nasema libaki. Mtoto anayechunga ng'ombe mahali ambapo tembo wanatoka Pori la Akiba la Maswa na kuingia mashambani hataogopa sikio. Tena ndilo atakalolikumbuka, kwa sababu anamjua kikongwe wa namna hiyo, yuko kijijini kwao, na siku ya ubatizo alilalamikia chumvi. Bishaneni mpaka usiku. Anayetaka kulitoa sikio atakulazimisha ueleze kwa nini hadithi inalihitaji, na ukishaeleza utaiandika vizuri zaidi.

Mtu wa Dar akikuambia kwamba uchoraji wa vitabu ni mambo mageni kwetu, mjibu kwa upole. Mwaka 1953 Hans Cory alichapisha London kitabu kizima kuhusu michoro ya ukutani ya wacheza nyoka wa Usukuma. Chama cha wacheza nyoka kilikuwa na nyumba zake za kufundishia wanachama wapya, na kuta zake zilichorwa nyoka, watu na viumbe vya masimulizi, ili mwanafunzi ajifunze kwa kutazama. Kuta zile zilikuwa kurasa. Mpaka leo mtoto wa kwetu anasoma picha kabla hajaanza shule. Na mweleze habari za John Kilaka, aliyezaliwa upande wa Sumbawanga, akajifunza mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga Oysterbay mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa rangi za mafuta na vipande vya ubao. Kilaka alikwenda vijijini kuzikusanya hadithi kwa wazee, akaandika na kuchora mwenyewe, na wanyama wake waliovaa mashati wakatoka kwanza Uswisi kwa Kijerumani. Wanyama wake wanabeba mizigo kwa baiskeli. Itilima tunaijua baiskeli ya mizigo kuliko mtu yeyote, na bado hatujaiweka kwenye kitabu chetu.

Usiondoke meza hiyo kabla hujampa mchoraji picha. Simu yako ijae: mbuyu usio na jani mwezi wa tisa, jembe la kukokotwa na ng'ombe, zizi la miti ya miiba, udongo mweusi uliopasuka kiangazi, bati la nyumba lililofungwa mawe lisipeperuke. Asiyekuwa na picha hizo atachora kijiji cha kufikirika chenye msonge na mnazi, na mtoto wa Itilima ataufungua ukurasa autafute mnazi dirishani.

Hesabu ya kurasa

Hiki ni kikao ambacho watu wengi hukikimbia, wakaenda kupiga picha na bango. Wewe baki. Kitabu cha picha kinachapwa kwenye karatasi kubwa inayokunjwa, kwa hiyo kurasa zake huenda kwa mafungu: 16, 24, 32. Huwezi kuwa na kurasa 19 kwa sababu hadithi yako imekwisha hapo. Jaribu papo hapo. Chukua karatasi moja ya kawaida, ikunje katikati, ikunje tena, ikunje mara ya tatu, kata kingo, funga mgongo kwa uzi. Una kijitabu cha kurasa 16 kinachoenea kiganjani. Ondoa jalada, ondoa ukurasa wa jina na wa anwani ya mchapishaji, hesabu zilizobaki. Hizo ndizo ulizopewa uwatoe watu tumboni mwa zimwi. Andika neno mojamoja kila ukurasa: panzi, ndege, swala, mkia. Utaona pale ambapo hadithi inakimbia na pale ilipokaa bure. Kijitabu hicho kidogo kinafundisha utungaji kuliko hotuba nyingi za ufunguzi ambazo nimezisikiliza.

Kuhusu hotuba za ufunguzi: sikiliza, piga makofi, na tumia muda huo kukunja karatasi.

Mhariri akikuita faragha

Nenda na penseli, usiende na utetezi. Swali lake la kwanza litakuwa la ukurasa wa mwisho, na nakuambia mapema ili usishtuke. Ataipigia mstari ile sentensi ya "hadithi hii inatufundisha". Tumelelewa nayo, kila bibi alimaliza hivyo au alitusubiri tumalizie, na kwenye mtihani iliulizwa. Mhariri anataka itoke. Mkubalie. Mtoto aliyemwona Masala Kulangwa akimwuliza mama yake mara kwa mara bila kuchoka ameshajua anachopaswa kujua, na ukimweleza tena unamwambia hukumwamini. Funga hadithi pale watu wanapotoka tumboni, wengine bado wameshika majembe yao, mmoja ameshika sikio. Basi.

Yapo mengine ambayo mhariri atasema na hutayakubali. Litetee neno la Kisukuma ambalo halina mwenzake. Watetee watoto kama walitulia pale anapotaka kukata. Ulitia alama, zionyeshe.

Mwulize pia habari za Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu. Inaratibiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na ilitolewa kwa mara ya kwanza tarehe 13 Aprili 2023, siku ya kuzaliwa kwa Mwalimu. Ilianza na riwaya na ushairi, na hadithi za watoto zikaingizwa baadaye. Mshindi wa kwanza hupewa shilingi milioni 10, na mswada wake unachapishwa. Fedha hizo zinastahili kumfikia mtu anayeandikia chini ya taa ya sola huko Mwaswale, na hazitamfikia kama hajui tarehe ya mwisho ya kupeleka.

Hapo hapo malizana na habari za mkataba, japo si tamu. Mrabaha ni asilimia ngapi, na ya bei ipi: ya dukani au ya jumla? Mchoraji analipwa mara moja au naye ana mrabaha, na jina lake litakaa kwenye jalada? Likae. Kitabu cha picha kina wazazi wawili. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inailinda kazi yako maisha yako yote na miaka 50 baada ya kufa kwako, hivyo unaposaini unasaini kwa niaba ya wajukuu. Soma kurasa zote. Na posho ikitolewa ichukue, ni haki yako, umetoka mbali. Ila ukishasaini posho rudi ukumbini.

Usicheleweshe

Ukianza kusitasita, ukajiambia mswada haujaiva, utakwenda mwaka ujao, mkumbuke Aniceti Kitereza wa Ukerewe, jirani yetu wa Kanda ya Ziwa. Aliimaliza riwaya yake ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka kwa Kikerewe mwaka 1945. Ilitoka kwa Kiswahili, kwa tafsiri yake mwenyewe, mwaka 1980. Mwaka uliofuata akafariki, nakala zikiwa hazijamfikia. Yeye hakusitasita, alinyimwa njia. Aliishi kisiwani na kazi kubwa mkononi bila chama, bila kongamano, bila meza ya kuiweka juu yake. Wewe unayo barua ya mwaliko. Panda gari.

Ukirudi, lete kongamano nyumbani

Mwaka 1971 huko Los Angeles, Lin Oliver na Stephen Mooser, vijana waliokuwa wanajifunza kuwaandikia watoto, walitafuta mkutano wa watu wa kazi hiyo wakakosa. Wakaanzisha chama chao, ambacho leo ni cha waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto na kina wanachama dunia nzima. Uganda nao wana chama chao cha waandishi na wachoraji wa vitabu vya watoto, na wamekuwa wakipiga mahema ya usomaji: hema linasimamishwa uwanjani, vitabu vinamwagwa juu ya mikeka, watoto wanaingia kwa zamu na hakuna anayewauliza maswali ya mtihani. Mahema hayo yamepigwa Tanzania pia. Sioni kwa nini hema lisipigwe Lagangabilili, na chini yake wakae waandishi na wachoraji pamoja na wasomaji wao halisi. Makongamano mengi hufanyika mahali ambapo watoto hawapo. La kwetu watoto watakuwepo, watakuwa wengi, na watakuja na wadogo zao mgongoni.

Mkoa huu unajua kupokea wageni. Maonyesho ya Nanenane ya kitaifa yalifanyika kwenye viwanja vya Nyakabindi, Bariadi, mwaka 2018, 2019 na 2020. Chaki zipo, vijana wa Maswa walianza kuzitengeneza wenyewe. Kuta zipo. Kwa hiyo, ndugu zangu wa Dar, wa Arusha, wa Nairobi na wa Kampala, mkipata mwaliko wetu, fuateni mwongozo huu. Njooni Juni, shule zikiwa zimefungwa, mvua zimekatika na pamba inapelekwa kuuzwa. Masika udongo wetu utavila viatu vyenu. Mkifika asubuhi semeni "mwangaluka", mkubwa atafurahi na mtoto atacheka. Msilete fulana zenye nembo. Leteni karatasi kubwa, brashi ambazo mko tayari kuziacha, na rangi. Nyeusi mlete nyingi, ya udongo na ya ng'ombe. Kijivu mlete zaidi, maana kila mtoto wa hapa atataka kuchora tembo, na atamchora mkubwa.